Adui Mwenye Bunduki na Somo la Historia

Miongoni mwa michezo ya video ambayo watoto wetu huicheza katika simu za wakubwa wao, imo ile isimuliayo vita vya zamani. Humo askari wa adui hutokea na bunduki, hupigwa risasi, huanguka, na mwingine hushika nafasi yake. Hana jina, wala kwao, wala mama. Wako walimu washaurio kwamba michezo hiyo ipigwe marufuku. Kwa maoni yangu marufuku peke yake haitoshi, kwani picha iliyokwisha kuingia akilini haiondolewi kwa fimbo. Kazi ya mwalimu ni kumrudishia askari yule utu wake.

Mwalimu afundishaye Machochwe hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika Wilaya hiyo hiyo ya Serengeti ipo ngome iliyojengwa na Wajerumani, Fort Ikoma. Mwaka 1917 kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Naumann kilipigana hapo na jeshi la Wabelgiji. Makamanda walikuwa Wazungu. Lakini wengi wa walioshika bunduki, pande zote mbili, walikuwa Waafrika: huku askari wa koloni la Wajerumani, kule askari kutoka Kongo. Vita vilipoanza mwaka 1914, jeshi la Wajerumani katika koloni hili lilikuwa na Wazungu wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500. Tena, nyuma ya majeshi yote walikuwapo wapagazi, ambao maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Basi, mwanachuo, utakapoandaa somo hilo, anza na mchezo ambao watoto waujua. Mchore askari ubaoni, kisha uliza: Nani alimvika sare? Alitoka kwa nani? Alipigania ardhi ya nani? Baadaye ligawe darasa katika makundi manne: askari wa upande huu, askari wa upande ule, wapagazi, na wenyeji ambao vikosi vilipita vikila chakula chao. Kila kundi lieleze vita kwa kinywa chake. Usiwaache waigize kupigana risasi, waache waseme.

Jambo hili si la kuchezea katika Mkoa wa Mara. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979, bunduki za kivita ziliingia katika wizi wa mifugo wa Tarime, na damu ya majirani ikamwagika. Mtoto aliyezoea kumwona mtu wa upande wa pili kuwa ni kitu cha kuangushwa tu, hatakawia kumwona hivyo jirani wa ukoo mwingine. Aliyezoezwa kuuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" atasita kabla ya kuinua silaha. Kusita huko ndiko tunakopaswa kukufundisha.