Kunguru Naye Apigwe Picha

Wanachuo wenzangu, tumezoea kuamini kwamba wanyamapori ni wa Serengeti, na wa kuwapiga picha ni watalii wenye lenzi ndefu. Mimi napinga. Nyuma ya hosteli kuna chozi kwenye maua, mnana wanaosuka viota, na tumbili anayevizia chapati yako. Simu ya kawaida inatosha kuanzia.

Shida ni kwamba tunapiga wazuri tu, kunguru hatumtaki. Lakini huyu aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale takataka, akasambaa hadi bara, na anakula mayai na makinda ya wenzake. Tusipomhesabu yeye pamoja na hao wadogo, tutajuaje nani anaongezeka na nani anatoweka?

Picha yenye tarehe na mahali ni ushahidi. Iweke eBird, ni bure. Siku wakubwa wakitaka kufyeka kichaka wapate maegesho, tutakwenda na orodha mkononi, siyo kulalamika kwenye magrupu.

Sharti moja tu: kiota usikisogelee. Mzazi akiruka, kunguru yupo juu anasubiri.