Bangili ya hoteli isikufunge Cancún

Binamu yangu anayefanya kazi Texas alienda likizo ya siku nne Cancún, Mexico. Aliporudi nikampigia simu, nikitaka stori yote. Ulikula nini huko? Baga na chipsi. Uliona nini? Kidimbwi cha kuogelea. Uliongea na nani? Jamaa wa baa. Wasee, mtu amevuka mpaka wa nchi, amemaliza akiba ya miezi kadhaa, halafu amerudi na picha za kidimbwi ambacho angekipata hata Ruiru!

Sikumcheka sana, kwa sababu najua ilivyotokea. Ni ile bangili ya plastiki. Hoteli nyingi za Cancún hukufunga bangili mkononi ukifika, na kuanzia hapo chakula, vinywaji na burudani vyote vimeshalipiwa. Haitoki hadi siku ya kuondoka. Pole pole, bila mtu yeyote kukufungia geti, unajikuta huna sababu ya kutoka nje.

Mimi nimewahi kuwa upande ule mwingine wa bangili. Kabla karo inishinde niache chuo, nilikuwa nasomea utalii, na nikapelekwa miezi mitatu kujifunza kazi kwenye hoteli moja ya ufuoni hapa pwani yetu. Kazi yangu ilikuwa kubeba taulo. Wageni walikuja, wakala, wakaota jua, wakarudishwa uwanja wa ndege. Nje ya geti kulikuwa na mama mmoja wa viazi karai na mahamri. Wiki nzima ilipita bila mgeni hata mmoja kusimama kwake. Mama huyo ndiye aliyenilisha kwa deni posho ilipochelewa. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Kwa hivyo wewe uliye diaspora, au wewe unayechanga na mbogi yako mkitarajia kufika huko siku moja, hebu nisikilize.

Kwanza ujue unaenda wapi. Hadi mwaka wa 1970 hakukuwa na mji hapo. Kulikuwa na minazi, mchanga na wavuvi wachache. Serikali ya Mexico ndiyo iliyoamua kujenga mji wa watalii kutoka sufuri, na leo Cancún ina watu karibu laki tisa. Hoteli zimepangwa kwenye ukanda mwembamba wa mchanga wa kilomita zaidi ya 20, wenye umbo la namba 7, bahari ya Karibi upande mmoja na wangwa wa Nichupté upande wa pili. Wanaotandika vitanda na kupika chakula chako hawaishi hapo. Jioni hupanda basi kurudi mjini. Ukibaki kwenye ukanda huo tu, bado hujaiona Cancún.

Sasa tufanye nini? Anza na basi lenyewe. Mabasi ya R-1 na R-2 hupita kwenye ukanda wa hoteli hadi katikati ya mji, kwa peso chache tu. Ukitaka teksi, patana bei kabla hujaingia, kwa maana mita hakuna. Mtu aliyezoea matatu za Nairobi hawezi kushindwa na hilo.

Jioni shuka uende bustani ya Parque de las Palapas. Hapo utakuta familia, watoto wakikimbizana na vibanda vya vyakula. Jaribu marquesita, aina ya chapati nyembamba iliyokaushwa ikawa kama biskuti, ikakunjwa na jibini ndani. Kisha ununue elote, yaani mahindi yaliyopakwa krimu na jibini, yakanyunyiziwa pilipili na ndimu. Utajihisi uko stejini ukila mahindi choma, na si ajabu: mahindi na pilipili asili yake ni Mexico. Ugali wako una ukoo huko. Ila kama huli nguruwe, uliza kabla ya kuagiza cochinita pibil, kwa sababu ndiyo nyama yake.

Ufuo? Nenda Playa Delfines. Hakuna hoteli iliyoukingia, hakuna kiingilio, na wenyeji huja hapo na watoto wao wikendi. Mawimbi ni makali, kwa hivyo ukiona bendera nyekundu, baki mchangani. Karibu na hapo kuna magofu ya Wamaya yanayoitwa El Rey, ambako mijusi wakubwa aina ya iguana huota jua juu ya mawe kama wenye nyumba. Kuna pia Museo Maya, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka wa 2012.

Siku ya pili panda feri pale Puerto Juárez uende Isla Mujeres, Kisiwa cha Wanawake. Ni kama dakika 20 hivi. Maji ya Playa Norte ni matulivu, hata asiyejua kuogelea anaweza kusimama humo. Kama unapiga mbizi, chini ya bahari kati ya kisiwa na mji kuna mamia ya sanamu za saruji, nyingi zikiwa kazi ya Mwingereza Jason deCaires Taylor. Hazikuwekwa kwa urembo pekee. Ziliwekwa ili matumbawe yaote juu yake, na wapiga mbizi wapunguze kukanyaga yale ya asili.

Ukiwa na siku ya tatu, toka mapema uende Chichén Itzá, kama kilomita 200 hivi. Piramidi yake ina ngazi 91 kila upande, na ukiongeza ile ya juu zinakuwa 365, sawa na siku za mwaka. Kuipanda hairuhusiwi. Kumbuka pia kwamba saa za huko ziko nyuma ya za Cancún kwa saa moja. Ukirudi, pitia mji wa Valladolid uogelee kwenye cenote, shimo la asili la mawe ya chokaa lenye maji baridi. Oga kwanza uondoe mafuta ya kujikinga na jua, kwa sababu yanachafua maji hayo.

Najua utaniambia: lakini nimeshalipia kila kitu ndani, kwa nini nitoe chapaa mara ya pili? Swali zuri. Sijasema usile cha hoteli. Kula asubuhi ushibe, kisha mchana au jioni moja au mbili uzitoe kwa mji. Pesa ya kifurushi ulilipa kampuni kabla hujapanda ndege. Peso unayompa mwenye kibanda inalala kwake usiku huo huo.

Na usalama? Usijifanye shujaa. Tembeeni kwa kikundi, tumieni barabara zenye watu, simu na pesa nyingi ziwe mbali na macho ya watu, na mwulize mfanyakazi wa hoteli mahali anapokula yeye mwenyewe. Hao ndio wanaoujua mji, na wanafurahi kuulizwa. Mwachie bahashishi pia.

Jambo la mwisho ni hili. Mexico, ufuo ni mali ya umma kisheria. Mwaka wa 2020 sheria ilitiwa makali, na anayezuia watu kufika ufuoni anaweza kutozwa faini. Ila sheria haina nguvu kama ufuo umeachiwa wageni wenye bangili pekee. Kila unapokaa Playa Delfines kando ya familia ya mjini, unasaidia ufuo huo ubaki wa kila mtu. Sisi tulio na pwani yetu tunalijua vizuri suala hilo.

Binamu yangu anasema atarudi. Nimemwambia sitaki fulana wala kofia. Aniletee jina la mtu mmoja aliyemuuzia chakula nje ya geti, na aniambie waliongea nini.