Kiraka si Fedheha

Aghalabu hudaiwa kwamba mkazi wa mtaa wa mabanda huhifadhi chombo kikuukuu kwa kukosa pesa za kununua kipya. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Anayepita katika vichochoro vya Gatwekera, Kibera, jioni majiko yanapowashwa milangoni, huiona nusu ya pili.

Tutazame jiko la makaa lenye udongo ndani. Lilibuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la Thailand na kulirekebisha. Gamba lake ni bati, mara nyingi chuma chakavu kilichofuliwa na mafundi wa jua kali. Ndani mna udongo uliochomwa, unaohifadhi joto na kupunguza matumizi ya makaa. Udongo ukipasuka, fundi hutia mwingine katika gamba lile lile. Ukimuuliza mwenyewe iwapo jiko hilo ni jipya au la zamani, atakujibu tu kwamba ni lake.

Hoja yangu ni kwamba mapenzi ya mtu kwa chombo hayatokani na mng'aro wake dukani, bali hukua kila kinapotengenezwa. Kiraka ni kumbukumbu. Sitetei makaa, ambayo yanaigharimu misitu yetu. Natetea umbo linalokubali kufunguliwa.

Kinyume chake ni simu nyingi za siku hizi. Zimegandishwa kwa gundi hivi kwamba betri ikichoka, fundi wa kibandani huogopa kuifungua asije akavunja kioo. Mwenye simu huenda anaipenda kwa sababu imebeba picha na sauti za marehemu mamake, lakini haikuundwa ipate kutengenezwa. Mapenzi peke yake hayazibi ufa.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawabebesha wazalishaji wajibu wa bidhaa zao hata zinapogeuka taka. Hiyo ni hatua njema, ila wajibu huo hauna budi kuanzia mezani pa msanifu, chombo kikiwa bado ni mchoro.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Tunabishana kuhusu istilahi za kompyuta, huku tukiupita kila siku msamiati wa mafundi: kufua, kulehemu, kupiga ribiti, kutia kiraka. Tuukusanye na kuuandika. Lugha ikipoteza maneno ya kutengeneza, itabaki na mawili tu: kununua na kutupa.