Mlango Uliofungwa Nao Hula

Mzazi anapofariki na kuwaachia wanawe nyumba yenye fremu tano za maduka, swali la kwanza ndani ya familia huwa ni mgawo wa pango. Hilo si kosa. Mirathi ni haki ya kila mrithi. Lakini ni nadra kusikia mtu akiuliza: na nyumba yenyewe, fungu lake ni lipi? Pango hukusanywa na kugawanywa hadi shilingi ya mwisho, huku paa likivuja. Mwaka wa kwanza mpangaji hulalamika, wa pili hunyamaza, wa tatu hurudisha ufunguo.

Hapo ndugu hujifariji kwamba fremu ikikaa bure haina hasara. Ndugu msomaji, mlango uliofungwa nao hula. Tangu 2021 kodi ya majengo hapa Tanzania hulipwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Asiponunua mtu umeme, deni haliondoki, bali hulimbikizana. Maji hupenya ukutani pasipo wa kuyaona, mchwa hujenga, na wateja wa maduka jirani hupungua, kwani safu ya milango iliyofungwa humfukuza mnunuzi.

Tupige hesabu. Fremu inalipiwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anapandisha hadi 600,000, mpangaji anahama, na fremu inakaa wazi miezi mitano. Shilingi 2,500,000 zimepotea. Nyongeza ya 100,000 kwa mwezi itahitaji miezi 25, yaani zaidi ya miaka miwili, ili kuzirudisha tu. Mpangaji mwaminifu anayelipa kwa wakati ni mali, naye ahesabiwe hivyo.

Ni kweli kwamba si kila fremu tupu ni kosa la mwenyewe. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma baada ya tangazo la 2016, ofisi nyingi katikati ya Dar es Salaam zilibaki bila watu, na hakuna mwenye jengo aliyeweza kuzuia hilo. Lakini wapangaji wanapokuwa wachache, huchagua. Naye mfanyabiashara hatazami pango peke yake. Hulijumlisha na umeme, maji na matengenezo. Duka lenye dirisha la kupitisha hewa halihitaji feni kutwa nzima. Mita ya kila fremu huondoa ugomvi wa bili. Mifereji ya paa na tangi la maji ya mvua huokoa ndoo nyingi za kufanyia usafi. Rangi nyeupe juu ya bati hupunguza joto. Mambo haya yana gharama, lakini gharama yake haifiki ile ya kubomoa na kujenga upya, na mpangaji anayetumia kidogo hana haraka ya kuhama.

Fedha zitoke wapi? Jibu tunalo katika hazina yetu wenyewe. Mafakihi walipoandika juu ya wakfu, walitanguliza matengenezo ya mali kabla ya mgao wa wanufaika, kwa sababu jengo likianguka hakuna atakayenufaika. Nyumba ya urithi si wakfu, na hakuna awezaye kumzuilia mrithi haki yake. Lakini warithi wote wakiridhiana, hakuna kinachowazuia kuiga busara hiyo: watenge sehemu ya pango, tuseme moja ya kumi, waiandike, waiweke katika akaunti ya peke yake, na mmoja wao awasomee wenzake hesabu kila baada ya miezi mitatu. Akiwamo yatima, fungu lake lisiguswe ila kwa maslahi yake, na msimamizi aulize wenye elimu kwanza.

Basi mtakapokutana kugawana pango la mwezi huu, pandeni kwanza juu mkalitazame paa. Mzee aliijenga nyumba hiyo tofali kwa tofali ili wajukuu nao waikute. Tusiwe sisi kizazi kilichoila.