Mzazi, usiipime bangi kwa harufu
Bangi ya siku hizi huenda isinuke kama ile uliyoizoea mtaani. Wakulima huchanganya mbegu za aina tofauti wakapata chotara inayonukia chungwa au matunda mengine. Kijana akisikia harufu hiyo hudhani ni bangi laini. Si kweli.

Harufu hutokana na mafuta ya mmea. Mojawapo, limonini, yamo pia kwenye maganda ya chungwa. Kinacholevya ni THC, nayo haipimwi kwa pua. Wakulima huiongeza kwa kuzuia maua ya mimea jike yasichavushwe. Marekani, bangi iliyokamatwa mwaka 1995 ilikuwa na wastani wa THC wa asilimia 4 hivi. Mwaka 2014 ulifika kama asilimia 12.

Ubongo wa kijana bado unakua. Bangi kali humwongezea hatari ya kusikia sauti zisizokuwepo na kushuku watu bila sababu. Ukiona hayo, usikimbilie viboko wala kusema karogwa. Mpeleke hospitali, utueleze bila aibu alivuta nini na tangu lini. Kazi yetu ni kutibu, si kuhukumu.