Msaidizi Tusiyemwomba



Wengi wetu tumekwisha kuiona ile duara ndogo ya buluu iliyojitokeza ndani ya WhatsApp. Hatukuiomba. Hakuna mkutano wowote wa tawi uliokaa ukaamua kwamba iwekwe pamoja na majina ya wake zetu, waume zetu na wenzetu wa kazi. Tarehe 18 Aprili 2024 kampuni ya Meta ya Marekani, ambayo ndiyo yenye WhatsApp na Facebook, ilitangaza kwamba inampeleka msaidizi wake wa akili bandia katika nchi zaidi ya kumi na mbili, na Uganda yetu ilikuwa miongoni mwao, pamoja na Malawi na Zambia. Msaidizi huyo aliletwa akisema Kiingereza. Ukitaka kumwondoa huwezi. Waweza kufuta mazungumzo yako naye, lakini mwenyewe anabaki pale pale, kama mnyapara aliyepewa nyumba katikati ya kambi.

Wala si WhatsApp peke yake. Microsoft, ambayo programu zake ndizo zinazotumika katika ofisi nyingi kuandika barua na kupiga hesabu, ilianza Novemba 2023 kuyauzia makampuni msaidizi aitwaye Copilot kwa dola 30 kwa kila mtu kwa mwezi. Mwaka 2025 ilimtia pia katika programu za watu wa nyumbani, na bei ikapanda. Huko Australia tume ya serikali inayowalinda wanunuzi iliishtaki kampuni hiyo Oktoba 2025. Ilidai kwamba wateja wapatao milioni 2.7 walielezwa kana kwamba ni kulipa bei mpya au kuacha kabisa, hali mpango wa zamani usio na msaidizi ulikuwapo bado, umefichwa. Bidhaa ambayo watu wanaitaka kweli, mwenye duka haoni haja ya kuficha mlango wa kutokea.

Sasa ndugu mmoja atauliza: haya yanamhusu nini mkata miwa wa Kakira, au mchuma chai wa Toro, au mwendesha mtambo wa Jinja ambaye hata hagusi kompyuta? Yanamhusu sana. Barua ya onyo inatoka katika kompyuta. Hesabu ya likizo inatoka humo, na majibu ya malalamiko yetu pia. Karani akiwa na msaidizi wa namna hii ndani ya programu yake, tena bosi akimharakisha, barua itakayomfukuza mtu kazi itaandikwa na kitu kisichojua mtu huyo ni nani wala shamba lilivyokuwa siku ile.

Sisi si maadui wa mashine. Mizani ya chai tunaikubali, kwa sababu mchumaji anasimama mbele yake, anaisoma namba, na ikiwa kilo zimepunguzwa anapinga hapo hapo mbele ya wenzake. Msaidizi huyu hana namba ya kusomwa. Amelishwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno lipi laelekea kufuata jingine. Akikisia vema twamwona mwerevu. Akikisia vibaya husema kwa adabu ile ile, bila kusita. Mei 2024, Google ilipoweka majibu ya namna hii juu ya matokeo ya utafutaji huko Marekani, yalishauri mtu atie gundi katika pizza ili jibini isidondoke. Dunia ikacheka.

Lakini liko jambo jingine ambalo halichekeshi. Oktoba 2023 jiji la New York lilifungua msaidizi wa kuwajibu wenye biashara maswali yao ya sheria. Machi 2024 waandishi wa habari walimjaribu. Walimwuliza kama mwajiri aweza kuchukua sehemu ya bakshishi za wafanyakazi wake, naye akajibu kwamba aweza, ingawa sheria inakataza. Akaeleza pia kana kwamba hakuna kanuni ya kumlazimisha mwajiri kuwaarifu wafanyakazi juu ya mabadiliko ya zamu. Angalieni, ndugu, makosa hayo mawili yalimwangukia nani. Tajiri akiuliza mashine na mashine ikamwambia ndiyo, atafanya, na kesho atasema kompyuta ndiyo iliyosema.

Hoja hiyo imekwisha kujaribiwa. Nchini Canada shirika la ndege la Air Canada lilidaiwa na abiria aliyepewa maelezo ya uongo na msaidizi wa mtandaoni kuhusu nauli. Likataka kujitoa katika lawama kana kwamba msaidizi huyo anajitegemea. Februari 2024 baraza la madai la British Columbia lilikataa na kuamuru abiria alipwe. Kwa hiyo mwajiri yeyote wa huku akileta maneno hayo, katibu wa tawi asiyapokee.

Sheria yetu nayo haiko kimya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoweza kuielewa na amsikilize, naye mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu wa kumsindikiza. Kusikiliza ni kazi ya mtu. Na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kudai kwa maandishi kwamba uamuzi unaomgusa sana usifanywe na mashine peke yake. Ni wanachama wangapi waliokwisha kuambiwa habari ya haki hiyo?

Tena tusidanganywe kwamba msaidizi huyu amejifundisha mwenyewe adabu. Januari 2023 gazeti la Time lilieleza kwamba wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI yenye ChatGPT, walisoma na kutia alama maandishi ya ubakaji, mauaji na uchafu waliotendewa watoto, ili mashine ijifunze kuyatambua na kutoyatoa. Walipokea kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Linganisheni na zile dola 30. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii walikutana mjini humo wakapiga kura kuunda chama chao. Hao ni wenzetu, ingawa kazi yao haina jembe wala ovaroli.

Mwaka huo huo waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148. Walirudi na mkataba unaosema kwamba kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kutumia akili bandia, na ikimpa maandishi yaliyotengenezwa na mashine lazima imwambie. Kama wao wamepata, na sisi tuombe yaliyo sawa na hali yetu: kila barua ya nidhamu itiwe sahihi na mtu anayeweza kuulizwa, na menejimenti iseme wazi programu ipi yenye msaidizi imeingizwa katika mambo ya mishahara na zamu. Makatibu wa matawi walilete jambo hili katika mazungumzo yajayo ya mapatano ya pamoja.

Na wakati tukingoja, msimwandikie msaidizi wa WhatsApp majina ya wanachama, mishahara wala mipango ya mgomo. Ujumbe wa kawaida wa kundi umefungwa kwa siri, lakini utakayomwandikia yeye anayapokea, na tangu tarehe 16 Desemba 2025 Meta hutumia mazungumzo hayo kuchagulia watu matangazo ya biashara. Katika mipangilio ya kila kundi pana mahali, palipowekwa Aprili 2025, pa kuzuia ujumbe wa kundi usitumiwe na akili bandia. Makatibu wapatafute na wapawashe wiki hii.