Miwani ya Baba Msimamizi



Katika mashirika yetu ya Rumangabo kuna jambo ambalo tumelizoea hata hatulitambui tena. Baba msimamizi wa sala, mtu aliyesoma vizuri tangu ujana wake, anafungua kitabu, anakisogeza mbali hadi mkono unapoishia, kisha anampa kijana aliye karibu: "Soma wewe, mwanangu, leo sauti yangu imechoka." Sauti haijachoka. Twajua hivyo kwa sababu baada ya dakika chache anaimba kutupita sisi sote. Yaliyochoka ni macho, naye anaona haya kusema.

Ndani ya jicho mna lenzi laini inayobadili umbo lake ili tuone vitu vya karibu. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi hiyo inakakamaa. Si laana, wala si adhabu ya kusoma usiku kwa mwanga wa kibatari. Kila aliyejaliwa kufika umri huo atayaona. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 800 wanaoshindwa kuona karibu kwa sababu hiyo. Wala hasara si ya kusoma tu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 kutoka mashamba ya chai ya Assam, nchini India, ulionyesha kwamba wachumaji wenye umri wa miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya karibu walichuma majani zaidi ya wenzao kwa asilimia 20 na kitu. Mama zetu wanaochambua maharagwe na kutunga uzi katika sindano hawakuhitaji utafiti huo ili kuyajua haya.

Basi, tununue miwani gani? Hapa tunatofautiana na baadhi yenu. Kijana akipata kazi Goma, anataka kumheshimu mzazi wake kwa lenzi za progresivu, zile alizozibuni Bernard Maitenaz huko Ufaransa na kuuzwa tangu 1959. Ni kazi ya ajabu: kioo kimoja, juu unaona mbali, katikati unaona hatua chache mbele, chini unasoma, na hakuna mstari unaoonekana. Lakini bei yake ni mara nyingi ya miwani ya kusomea. Tena lenzi hizo zinadai vipimo sahihi: umbali kati ya mboni na mboni, na kimo cha mboni ndani ya fremu iliyokwisha kuchaguliwa. Kipimo kikikosewa kwa milimita chache, mzee ataiweka sandukuni na kusema imemletea kizunguzungu. Na kuna njia zetu za mawe ya volkano. Anayetembea hutazama chini, na chini ndipo penye sehemu ya kusomea. Ardhi inakuwa ukungu, naye anajikwaa. Kwa mkulima, sisi twasema wazi: miwani ya kusomea kwanza, ikae mfukoni hadi ihitajike. Mwalimu anayeinua macho ubaoni na kuyarudisha daftarini kila dakika ana sababu ya kutafuta progresivu, au zile za sehemu mbili ambazo ni nafuu zaidi.

Hatuidharau miwani ya mezani sokoni. Kwa mtu ambaye macho yake mawili yanalingana na anaona mbali vizuri, yaweza kumtosha. Lakini pande zake zote mbili zina nguvu ileile, na macho ya wengi hayalingani. Mtoto asinunuliwe kamwe bila kupimwa. Tena kupimwa si kwa ajili ya miwani peke yake: glokoma huiba uono polepole, bila maumivu, na kilichoibwa hakirudi. Mpimaji anaweza kuigundua mapema; mwenye meza ya sokoni hawezi.

Ukipimwa, omba karatasi, na umbali wa mboni uandikwe humo. Mmoja wetu aliwahi kuambiwa dukani kwamba karatasi inabaki hapohapo. Akanunua hapohapo, kwa bei waliyotaka wao. Mwenye karatasi mkononi anauliza bei milango mitatu kabla ya kufungua mfuko. Ipigeni picha katika simu pia. Mwishoni mwa mwaka 2022, watu wa Rutshuru walipokimbilia Kanyaruchinya na magodoro kichwani, nani aliyekumbuka miwani? Iliyovunjika njiani hutengenezwa tena upesi ikiwa vipimo vimehifadhiwa.

Miwani ilipoanza kutengenezwa Italia, mwishoni mwa karne ya 13, aliyeibuni alificha ufundi wake. Mtawa wa Pisa, Alessandro della Spina, aliiona, akajifunza kuitengeneza mwenyewe, akawafundisha wengine kwa moyo mkunjufu. Kumbukumbu za konventi yake ndizo zilizotuhifadhia habari hiyo. Jina la yule aliyeficha halimo.

Tunapendekeza kwamba sehemu ya sanduku la vijana iwe ya nauli ya wazee wetu, kilometa 45 hivi hadi Goma, pamoja na gharama ya kipimo na miwani sahili. Tuanze na baba msimamizi. Wawili wenu wamwendee nyumbani jioni, mbali na masikio ya watu, wala wasianze na habari za macho. Waanze kwa kumwomba awafundishe kusoma somo la Dominika ijayo.